Picha Ina Wenyewe Wawili: Ushauri kwa Mwenye Duka wa Dagahaley

Chukua mfano wa mama anayeuza madera katika soko la Dagahaley, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab. Mzigo wake huja kwa basi kutoka Eastleigh, Nairobi, na kabla ya hapo ulivuka bahari kutoka Dubai au China. Duka lake ni la mabati na miti, lakini si wateja wake wote wanaopita mlangoni. Wengine wako Hagadera, wengine mjini Garissa, na wengine wako Minneapolis, ambako hukumbuka kuwanunulia dada zao nguo za Idi na kulipa kwa simu. Hao wa mbali hulijua duka kwa picha tu. Basi jioni, akishafunga, mama huyu hukaa na simu yake, hutafuta mtandaoni picha ya dera lililofanana na lake, humpata mwanamitindo aliyependeza, hukata kipande chenye jina la mpiga picha, huandika bei na nambari yake ya simu, kisha huirusha kwenye ukurasa wake wa Facebook na stetasi ya WhatsApp.

Kazi hiyo haikuchukua dakika tano, lakini imegusa haki za watu wawili asiowajua: aliyeipiga picha na anayeonekana ndani yake. Mama huyu si mwizi. Hawezi kupita duka la jirani akachukua hata shungi moja bila kulipia. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba picha nayo ni mali, na kwamba mara nyingi ina wenyewe wawili. Anayelishika neno hilo moja ameshaielewa sheria kwa sehemu kubwa, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa.

Mwenyewe wa kwanza: aliyeipiga

Nchini Kenya, picha inalindwa na Sheria ya Hakimiliki ya 2001, ambayo imefanyiwa marekebisho mara kadhaa, yakiwemo ya 2019. Sheria inamtambua kuwa mtunzi wa picha yule aliyeipanga: aliyechagua pembe, mwanga na kilichoingia ndani ya fremu. Kuwa na simu si hoja. Ukimpa mpita njia simu yako akakupigia picha kwa namna aliyoipanga yeye, simu ni yako lakini mtunzi ni yeye.

Ulinzi huo huanza mara picha inapopigwa. Hauhitaji fomu, muhuri wala alama ya hakimiliki. Na hudumu muda mrefu: miaka 50, ikihesabiwa tangu mwisho wa mwaka ambao picha ilipigwa, ilitolewa kwa umma au ilichapishwa, ukichukua tukio la mwisho kati ya hayo. Picha iliyopigwa na kuchapishwa mwaka 2011, wakati wa ukame mkubwa uliowaleta maelfu ya watu Dadaab, bado ina mwenyewe hadi mwisho wa 2061.

Mpaka nao hauizuii haki hiyo. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1993, na nchi wanachama hulinda kazi za wenzao kama wanavyolinda za wananchi wao. Picha ya mwanamitindo iliyopigwa Istanbul au Lagos ina ulinzi mbele ya mahakama ya Garissa.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, tena kwa nia njema. Makosa ninayoyasikia mara kwa mara ni manne.

La kwanza: "Nimeipata kwenye Google." Google haina picha hizo. Inakuonyesha tu zilipo, kama anayekuelekeza duka fulani. Kuelekezwa dukani si kupewa bidhaa.

La pili: "Iko wazi kwa kila mtu." Mwaka 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi iliyotoka Ujerumani. Mwanafunzi alipakua picha ya mji wa Córdoba kutoka kwenye tovuti ya safari, ambako ilikuwa wazi kwa mtu yeyote kuitazama, akaiweka kwenye kazi yake ya darasani, na kazi hiyo ikapandishwa kwenye tovuti ya shule. Mpiga picha alikuwa ametoa ruhusa kwa ile tovuti ya safari peke yake. Mahakama ilisema kuiweka picha mahali papya ni kuipeleka kwa umma mpya, na hilo linahitaji ruhusa yake. Hukumu hiyo haifungi mahakama za Kenya, lakini inatuonyesha wazi tofauti kati ya kutazama kilichoanikwa na kukianua.

La tatu: "Nimemtaja jina." Kumtaja mtu ni adabu, na baadhi ya leseni zinadai hivyo, lakini hakuchukui nafasi ya ruhusa. Ukimchukua ngamia wa mtu ukatangaza sokoni kuwa ni wa fulani, bado umemchukua.

La nne: "Nimeigeuza rangi, nimeikata." Picha ya mtu haiwi yako kwa kukatwa. Na anayekata kwa makusudi kipande chenye jina la mtunzi hujiongezea tatizo, kwa sababu amefuta ushahidi wa mwenyewe.

Wapo wanaotegemea vile vifungu vya sheria vinavyoruhusu kazi itumike bila ruhusa. Ni kweli vipo: kwa utafiti, matumizi binafsi, uhakiki na kuripoti habari za wakati huo. Tangazo la biashara halimo.

Ruhusa hupatikana wapi?

Njia ya kwanza ni kuuliza. Mama wa madera ana mahali pepesi pa kuanzia: muuzaji wa jumla wa Eastleigh anayemtumia picha za mzigo kwa WhatsApp. Amwandikie ujumbe mfupi: "Je, picha hizi ni zako? Naruhusiwa kuziweka kwenye ukurasa wangu ninapouza nguo hizi?" Jibu alihifadhi. Ikiwa muuzaji mwenyewe aliziokota mtandaoni, hana ruhusa ya kumpa mtu, na ni heri mama ajue mapema.

Njia ya pili ni leseni huria, ambazo shirika la Creative Commons lilianza kuzitoa mwaka 2002. Hapa mpiga picha huwa ameshasema tangu mwanzo anachoruhusu, kwa herufi chache zinazowekwa karibu na picha. BY maana yake utaje jina lake. SA maana yake ukiibadilisha, uitoe kwa masharti yale yale. ND maana yake usiibadilishe. NC maana yake usiitumie kibiashara, na hiyo ndiyo ya kuangaliwa sana na mwenye duka: picha yenye NC si yako, hata kama duka ni la meza moja. CC0 maana yake mwenyewe ameachilia haki zake zote.

Hazina ya Wikimedia Commons ina mamilioni ya picha za namna hii, na kila moja ina ukurasa unaoonyesha leseni yake. Ukitumia ya BY, andika chini yake jina la mpiga picha, aina ya leseni na kiungo cha ukurasa ulikoitoa. Kwenye Google, sehemu ya picha ina zana ya kuchuja kwa haki za matumizi. Itumie, kisha fungua ukurasa wenyewe uhakikishe, maana kichujio hukosea. Tovuti za Unsplash, Pexels na Pixabay nazo hutoa picha zinazoruhusiwa katika biashara bila malipo. Kabla ya kupakua, piga picha ya skrini ya ukurasa wa leseni ukiwa na tarehe. Siku ya ubishi, hiyo ndiyo risiti yako.

Njia ya tatu ni kushiriki badala ya kunakili. Kitufe cha kushiriki cha Facebook hubakiza jina la mwenyewe na kiungo cha alikoiweka, na ndivyo mtandao wenyewe ulivyopangwa. Kuipakua picha, kuihifadhi kwenye simu na kuirusha upya kama yako ni jambo jingine. Mitandao hiyo hupokea malalamiko ya hakimiliki, huondoa picha, na anayerudia rudia huweza kufungiwa ukurasa. Kwa mtu ambaye wateja wake wa mbali wote wako humo, kufungiwa ukurasa ni sawa na duka kuungua.

Mwenyewe wa pili: anayeonekana

Tuseme ruhusa ya mpiga picha imepatikana. Bado kuna uso ndani ya picha.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeipa haki hiyo meno: picha inayomtambulisha mtu ni data yake, na kuitumia kutangazia biashara kunahitaji ridhaa yake ya wazi. Msimamizi ni Kamishna wa Ulinzi wa Data, na adhabu zake zinafahamika. Desemba 2022 kampuni ya simu ya Oppo Kenya ilitozwa faini ya shilingi milioni 5, baada ya kuweka picha ya mtu kwenye akaunti yake ya Instagram bila ridhaa yake na kutotii agizo la ofisi hiyo. Septemba 2023 ukumbi wa burudani wa Casa Vera jijini Nairobi ulitozwa shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila idhini. Siku hiyo hiyo ilitangazwa kuwa shule ya Roma imetozwa 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Soma tena hiyo ya mwisho, wewe mwenye madrasa, chekechea au darasa la kompyuta. Mtoto hawezi kukupa ridhaa. Sheria inataka mzazi au mlezi, na hata hapo matumizi lazima yalinde maslahi ya mtoto. Tabasamu la mtoto aliyeshika cheti ni zuri sana kwenye bango, lakini si letu kulichukua.

Huenda ukasema biashara yako ni ndogo mno kuonekana. Ni kweli kwamba biashara yenye wafanyakazi chini ya 10 na mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka kwa kawaida hailazimiki kujisajili kwa Kamishna. Lakini kutojisajili si kutowajibika. Masharti ya ridhaa yanamfunga kila mtu, na anayelalamika hahitaji wakili.

Ridhaa ya kweli ina sifa tatu. Imetolewa kwa hiari, bila kumtisha mtu wala kumnyima huduma. Aliyeitoa ameelewa picha itakwenda wapi na kwa kazi gani. Na anaweza kuiondoa siku yoyote, nawe ukaitoa picha. Si lazima iwe ya maandishi. Hata ya mdomo inakubalika. Ila jukumu la kuthibitisha kwamba ilitolewa ni lako wewe uliyetumia picha. Kwa hiyo namna bora kwa soko letu ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa lugha ambayo mhusika anaielewa vizuri, iwe Kisomali, Kioromo au Kiswahili: "Mimi ninakubali picha ya mikono yangu yenye hina iwekwe kwenye ukurasa wa duka hili." Sekunde kumi, na ushahidi umo simuni.

Kwa nini Dagahaley tunapaswa kuwa wa kwanza kuelewa

Kambi za Dadaab zilianza na Ifo mwaka 1991, zikafuata Dagahaley na Hagadera mwaka 1992. Katika miaka yote hiyo, hasa 2011, kamera nyingi zimekuja na kuondoka. Nyuso za mama waliofika wamechoka na watoto waliodhoofika zilizunguka dunia katika magazeti, mabango na barua za kuomba michango. Picha hizo ziliamsha watu, na msaada ulikuja. Lakini wengi waliomo ndani yake hawakuulizwa kwa lugha yao, hawakuiona picha ilipochapishwa, na hawakuambiwa itakaa huko kwa miaka mingapi. Mtoto wa picha ya 2011 sasa ni kijana. Huenda anatafuta kazi, au anatafuta mchumba.

Jamii iliyoonja hayo haihitaji wakili kuieleza maana ya kupigwa picha bila kuulizwa. Kinachobaki ni kutowafanyia wengine yale yale katika kurasa zetu wenyewe.

Na kambini uzito wake unazidi. Kuna mtu aliyekimbia watu wanaomtafuta mpaka leo. Picha ya mteja akinywa chai kwenye hoteli yako, ikiwa na jina la mahali na saa, inaweza kumwambia adui yake alipo. Kuna mama ambaye hakatai kuja dukani kwako, lakini sura yake hataki ionwe na watu asiowajua, kwa imani yake na kwa heshima ya nyumba yake. Ukitaka kuonyesha kwamba duka lina wateja, piga kutoka nyuma, au piga mikono na bidhaa. Na yule aliyesema hapana, usimwombe sababu.

Nembo si pambo

Kuna picha za aina nyingine zinazotumiwa ovyo hapa kwetu: nembo. Duka la dawa hupaka msalaba mwekundu ukutani na kuuweka kwenye ukurasa wake. Alama hiyo, pamoja na hilali nyekundu, inalindwa na Mikataba ya Geneva ya 1949. Kazi yake ni kuwakinga wagonjwa, wauguzi na magari yao vitani, na inafanya kazi hiyo kwa sababu tu kila mwenye bunduki anajua maana yake ni moja. Ikishakuwa alama ya kila kibanda cha dawa, inapungua nguvu pale inapohitajika kuokoa maisha. Mwenye duka la dawa anaweza kuchora msalaba wa kijani, na wateja watamtambua.

Nembo ya Umoja wa Mataifa nayo imelindwa na Baraza Kuu tangu Desemba 1946, lilipoazimia kwamba isitumike bila idhini. Kuibandika nembo ya UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kwenye tangazo la huduma ya kujaza fomu au kozi ya Kiingereza huwafanya watu waamini kwamba wewe ni wa shirika hilo. Huduma za UNHCR ni za bure, na matapeli wa nafasi za kuhamishiwa ng'ambo hujificha nyuma ya nembo hiyo hiyo. Mfanyabiashara mwaminifu asivae nguo zinazofanana na zao.

Picha bora ni yako mwenyewe

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri. Mteja wa Minneapolis aliyependa dera la kwenye picha ya kuazima, kisha dada yake akapokea lenye rangi nyingine na kitambaa chepesi, hatanunua tena. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza kumpa mnunuzi taswira ya uongo ya bidhaa, na picha isiyo ya bidhaa yako inaweza kuwa taswira ya namna hiyo, hata ikiwa imetengenezwa na programu ya akili unde na haina mpiga picha wa kudai.

Simu uliyonayo inatosha. Piga asubuhi au alasiri, kwa sababu jua la adhuhuri la Garissa huunguza rangi na kuacha vivuli vikali. Kaa mlangoni au chini ya turubai, mwanga ukitokea ubavuni, usitumie taa ya simu. Tundika dera mbele ya shuka ya rangi moja, nyeupe au ya mchanga. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, maana vumbi la hapa halionekani kwa macho lakini kwenye picha linaonekana. Piga nguo nzima, kisha upindo, kisha kitambaa kwa karibu. Picha tatu za ukweli huuza kuliko moja ya kuokota.

Ukimwajiri kijana akupigie kwa malipo, sheria ya Kenya inachukulia kwamba hakimiliki inahamia kwako uliyeagiza kazi, isipokuwa mkikubaliana vinginevyo. Hata hivyo andikianeni ujumbe: malipo ni kiasi gani, picha ni za nani, na kama yeye ataruhusiwa kuzionyesha katika kazi zake. Ujumbe mmoja huokoa urafiki.

Na yako ikiibwa?

Ulinzi wa hakimiliki nchini Kenya hauwahusu raia peke yao. Sheria inamtaja mtu aliye raia au ambaye makazi yake ya kawaida ni Kenya wakati alipoifanya kazi. Mkimbizi anayeishi Dagahaley akapiga picha ya dera leo, picha hiyo ni yake kisheria sawasawa na ya mpiga picha wa Nairobi.

Ukiikuta kwenye ukurasa wa mwingine, kwanza hifadhi ushahidi: picha ya skrini, kiungo, tarehe, na faili yako ya asili yenye saa iliyopigwa. Pili, mwandikie kwa upole, maana wengi huondoa wakiambiwa. Tatu, tumia fomu ya malalamiko ya hakimiliki ya mtandao husika. Nne, marekebisho ya 2019 yanampa mwenye kazi njia ya kumtaka mtoa huduma wa intaneti aiondoe, na Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hupokea malalamiko na kusajili kazi kwa njia ya mtandao. Usajili si lazima, lakini cheti husaidia panapokuwa na ubishi.

Sasa rudi kwa mama wa madera. Asubuhi hii ametundika dera la njano mbele ya shuka nyeupe, mlangoni. Jirani yake, mpakaji hina, amekubali kulishika upindo, na mkono wake wenye maua unaonekana kwenye picha, uso haumo. Sauti yake ya ridhaa iko simuni. Picha inaruka kwenda Hagadera, Garissa na Minneapolis. Nayo pia ina wenyewe wawili, na wote wawili wameketi kwenye mkeka mmoja wakiitazama.